Tumehamia Arusha kutoka Mikindani na watoto wawili, wiki ya kumi sasa hawako sawa. Ni baridi, ni maji, au ni nini?

#1 MamaWawili
Habari za jioni wakuu.

Mume wangu ni mwalimu. Amepata uhamisho wa kubadilishana na mwenzake aliyetaka kurudi Kusini, na kubadilishana maana yake hakuna posho, kila shilingi imetoka mfukoni mwetu. Tuliondoka Mikindani, Mtwara, mwishoni mwa Mei, tukapanga Muriet, vyumba viwili na sebule. Nina binti wa miaka 5 na mdogo wake wa kiume wa miezi 10.

Tangu tufike, mdogo anakohoa usiku. Mchana anacheza vizuri tu, ikifika saa nane usiku kikohozi kinaanza mpaka alfajiri. Mkubwa hakohoi, ila amekuwa mtu mwingine kabisa. Kule alikuwa anamaliza sahani anaomba tena. Hapa anazisukuma ndizi pembeni ya sahani kwa kidole, moja moja, mpaka katikati pabaki mchuzi mtupu, halafu ananiuliza, "Mama, ming'oko iko wapi?" Nani ataniuzia ming'oko, ile mizizi ya porini ya Kusini, huku Muriet? Na mwalimu wake wa darasa la awali anasema shuleni haongei hata neno moja.

Jirani mmoja ananiambia baridi ya Arusha lazima impige mgeni, nivumilie mwaka mzima. Mwingine anasema ni maji. Mama mkwe kwenye simu anasema watoto wamekosa kwao, niwarudishe. Mimi kuvumilia naweza, ila nataka nijue navumilia nini. Mliohama mbali na watoto wadogo, kwenu ilikuwaje?

#2 ChaliiWaSombetini
Karibu A-Town dada, na pole. Ni baridi tu hiyo. Juni mpaka Agosti hata sisi wazawa tunatembea na makoti, usiku inashuka mpaka karibu nyuzi 10. Mmetoka usawa wa bahari mkaja kukaa mita 1,400 hivi juu, mwili lazima ushtuke. Sweta, kofia, soksi mbili. Septemba ikiisha utasahau kama uliandika uzi.

#3 Nesi_Mstaafu
Pole mwanangu. Kabla sijasema ni nini, nikuulize: huyo mdogo amewahi kupata homa tangu mfike? Alipimwa malaria?

Naeleza kwa nini nauliza. Mtwara malaria ni nyingi, Arusha ni chache sana. Mhudumu wa huku akiletewa mtoto mwenye homa na kikohozi, akili yake inaenda kwenye kifua moja kwa moja. Lakini mtoto aliyetoka Kusini anaweza kuwa amekuja na vimelea mwilini, vikaamka wiki kadhaa baadaye akiwa tayari mlimani. Nimewaona wa hivyo zaidi ya mmoja. Ukifika dirishani anza kwa kusema, "Tumetoka Mtwara mwezi wa tano." Usisubiri uulizwe.

La pili. Usiku akiwa amelala mfunue nguo, uangalie kifua. Kama anapumua haraka haraka, au chini ya mbavu panabonyea kwenda ndani kila akivuta pumzi, au amekataa kunyonya, hiyo si ya kusubiri kukuche.

La tatu, kadi ya kliniki. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9, kwa hesabu yangu ilimkuta akiwa tayari huku. Alichomwa?

#4 Mangi_wa_Rau
Kosa ni moja tu, mlipita Moshi bila kushuka. Ni kilomita 80 tu kabla ya Arusha! Moshi iko chini zaidi, joto lake mtoto wa pwani anaelewana nalo, na maji yetu yanatoka chemchemi za Shiri na Nsere. Nimelea wanne hapa, hakuna aliyekohoa kwa baridi.

#5 ChaliiWaSombetini
Mangi umeanza. Mwalimu hachagui kituo kama anachagua shati la mtumba Memorial. Alipopata wa kubadilishana naye ndipo alipokwenda.

#6 FundiBomba
Sikubaliani na #2. Ni maji. Nimefunga mabomba Arusha kwa miaka 17, najua kinachopita humo. Maji ya huku yana floraidi kutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Angalia vijana waliokulia Arumeru, meno ya kahawia. Kuna vijiji mpaka miguu ya watoto imepinda. Mtoto mgeni akianza kuyanywa ghafla, mwili unakataa. Yachemshe vizuri, dakika ishirini, ndiyo umpe.

#7 TabibuMeno
Ndugu FundiBomba, hapo mwisho naomba nikurekebishe, maana mtu anaweza kumdhuru mtoto akijua anamlinda. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaua vijidudu, hilo ni zuri, lakini floraidi inabaki sufuriani. Ukichemsha muda mrefu maji yanapungua kwa mvuke, yale yanayobaki yanakuwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila lita.

Tena floraidi haileti kikohozi, wala haimpigi mtu kwa wiki kumi. Ni jambo la miaka. Meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya fizi mtoto akiwa bado mdogo, na doa linaingia wakati huo huo wa kujengwa. Kwa binti wa miaka 5 meno ya mbele yameshajengwa kwa sehemu kubwa. Wa kumlinda ni huyu wa miezi 10, ndiyo kwanza yanaanza.

Dada, maziwa yako yana floraidi kidogo sana hata kama wewe unakunywa maji ya bomba, kwa hiyo endelea kumnyonyesha. Uji wake na maji yake ya kunywa ndiyo ya kuangalia. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana shida hiyo. Kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi, wanavijua vizuri. Usiweke magadi kwenye maharage wala makande yao, magadi nayo yana floraidi. Na chai ya rangi si ya mtoto, majani ya chai yana floraidi pia.

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nenda mamlaka ya maji uwaulize bomba la mtaa wenu linatoka chanzo kipi, kwa sababu Arusha chanzo kimoja kinaweza kuwa salama na kingine cha jirani hakifai.

#8 FundiBomba
Nimekuelewa tabibu. La kuchemsha nilikuwa nalisema miaka yote, hata kwa wanangu. Nimejifunza leo.

Ila kuhusu mabomba, tangu ule mradi mkubwa wa bilioni 520 vyanzo vimeongezeka na mitaa mingi maji yamebadilika. Huwezi kuhukumu maji ya leo kwa meno ya mtu wa miaka 40.

#9 Binti_Usa
Ndiyo maana pale Arumeru kukaitwa Maji ya Chai, floraidi inafanya maji yawe kahawia.

#10 TabibuMeno
Hapana, floraidi haina rangi wala ladha. Ingekuwa na rangi kazi yetu ingekuwa rahisi. Jina lile watu wanalitaja kwa rangi ya mto wenyewe.

#11 Mwalimu_Mkongwe
Nimefundisha pale Maji ya Chai. Wazee waliniambia rangi inatokana na majani na udongo wa msituni juu, mwingine akaniambia ni miamba. Kila mzee na lake. Tuliache hilo, turudi kwa watoto.

Mama, mumeo anafundisha hapo hapo mjini?

#12 MamaWawili
Asanteni sana, nasoma yote.

Nesi, homa alipata wiki ya tatu, siku mbili. Nilimpeleka zahanati moja jirani, wakampa dawa ya kifua. Hawakumpima, na mimi sikusema tumetoka Mtwara. Chanjo ya miezi 9 hakuchomwa, kadi ilikuwa kwenye sanduku ambalo tulilifungua mwezi wa saba. Naumia kuandika hivi. Kesho asubuhi naenda.

Mwalimu, hapana, kituo chake ni Longido. Anaondoka Jumapili jioni, anarudi Ijumaa usiku.

#13 Mwalimu_Mkongwe
Basi mama, mbona hilo hukuliweka juu kabisa? Mikindani baba alikuwa analala nyumbani kila siku?

#14 MamaWawili
Kila siku. Shule ilikuwa ya kutembea kwa miguu, na binti alikuwa akimsubiri kwenye mwembe saa tisa.

#15 Mwalimu_Mkongwe
Mimi nashikilia hapo. Miaka 31 nimepokea watoto wa uhamisho, wa polisi, wa wanajeshi, wa walimu wenzangu. Aliyenyamaza darasani mara nyingi hana tatizo la ulimi. Ana mtu anayemkosa. Ndizi hazijamkosea kitu huyo mtoto.

#16 ShangaziTengeru
Mwalimu nakuheshimu, lakini chakula ni chakula. Mtoto amelelewa kwa samaki, nazi, muhogo na mbaazi, leo unampa mtori unategemea ashangilie? Tengeru soko ni Jumatano na Jumamosi, njoo, mihogo ipo, mbaazi zipo tele, wakulima wa huku wanazilima kwa kuuza tu wala hawazipiki sana. Nazi za kutoka Tanga utapata soko la Kilombero hapo mjini. Mpikie mbaazi za nazi siku tatu mfululizo halafu urudi hapa utuambie.

Ming'oko sijawahi kuiona huku, sikudanganyi.

#17 MtotoWaUjiji
Mimi nilikuwa huyo mtoto. Tulihama Kigoma kwenda Moshi nikiwa na miaka 6, baba alipata kazi. Nilinyamaza miezi minne. Haikuwa chakula wala baba, baba alikuwepo. Nilikuwa nachekwa. Siku ya kwanza niliongea darasani kwa lafudhi yangu, darasa zima likarudia neno langu kwa sauti. Sikufungua mdomo tena. Nyumbani sikusema, kwa sababu sikujua kama hilo ni jambo la kumwambia mama.

Mama, muulize kwa upole, tena usimuulize "kwa nini huongei". Muulize wenzake wanaongeaje. Mwambie akuigize. Mimi mtu angeniambia niigize Wachaga wadogo wa darasani kwetu ningetoa yote siku hiyo hiyo.

#18 Mangi_wa_Rau
Pole sana ndugu. Kwa niaba ya Moshi nzima samahani.

#19 DerevaWaKusini
Habari wakuu. Mimi napiga Fuso Arusha na Kusini, napanda na vitunguu na maharage, narudi na ninachopata. Nina swali ambalo hakuna aliyeuliza. Vyombo vilisafirije? Mwishoni mwa Mei pale kati ya Somanga na Kibiti mvua bado zinanyesha. Ni kilomita kama 1,200 mpaka Arusha. Turubai likiwa na tundu, cha kwanza kulowa ni godoro, maana huwekwa juu ya mzigo.

#20 MamaWawili
Tulichukua gari la mzigo wa kurudi, tulikubaliana bei, njiani dereva akaongeza na mzigo wa mtu mwingine juu ya wetu. Godoro lililowa kona moja. Tulilianika siku mbili. Ni hilo mdogo analalia na mimi.

#21 DerevaWaKusini
Siku mbili za jua la Arusha la mwezi wa sita hazikaushi godoro la sponji mpaka ndani. Limeoza hilo dada. Litie kisu pembeni, chungulia. Na kwa wengine mnaosoma: godoro lifungeni kwenye nailoni nzito, liingie katikati ya mzigo, lisipande juu. Na mkubaliane kabisa kwamba hakuna mzigo wa pili, muandikishane.

#22 Nesi_Mstaafu
Dereva ameuliza swali la kitabibu kuliko mimi. Kikohozi cha usiku tu, kitandani tu, mchana hakuna: ukungu wa godoro unafanana nacho kabisa. Mwanangu, na chumba mnakipashaje joto usiku?

#23 MamaWawili
Naingiza jiko la mkaa likishakolea vizuri, lisitoe moshi. Nafunga mlango na dirisha. Likipoa kama saa kumi hivi nalitoa.

#24 Nesi_Mstaafu
Mwanangu, usiku wa leo usiliingize. Nakuomba kama mama yako.

Mkaa uliokolea hautoi moshi unaouona, lakini unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haichomi macho. Inakulaza usingizi mzito na usiamke. Huku kwenye baridi familia zinapotea hivyo, baba, mama na watoto, wanakutwa asubuhi wamelala kama walivyolala. Kila Juni nikiwa kazini nilikuwa nazunguka wodi ya wazazi nikilisema hili kitanda kwa kitanda.

Maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri na kuviringishwa khanga, iweke miguuni pake kabla hajalala, uitoe anapolala. Blanketi, kofia, mlale wote watatu pamoja.

#25 ChaliiWaSombetini
Dada sikiliza huyo mama. Mimi nilisema baridi tu, kumbe unajikinga na baridi kwa kitu kibaya kuliko baridi yenyewe. Natoa #2 yangu nusu.

#26 MamaWawili
Nimelitoa sasa hivi ninapoandika. Liko uani. Mikono inatetemeka. Mungu awalipe.

#27 BodaKwaMrombo
Msisahau vumbi wakuu. Muriet, Kwa Mrombo na Olasiti kiangazi hiki upepo ukivuma huoni nyumba ya pili. Mimi mtu mzima nakohoa. Na kule Olmoti kuna ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027, malori hayalali.

#28 Mpangaji_Njiro
Uwanja huo huo ndio unaopandisha kodi. Mwenye nyumba wangu kanitajia bei mpya na miezi sita mkononi.

#29 BodaKwaMrombo
Njiro kodi ilipanda kabla ya uwanja. Ni wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu na watu wa utalii.

#30 Mpangaji_Njiro
Mimi naona ni madalali. Ila tufungue uzi mwingine, tusimchanganye mama.

#31 BibiHarusi_Tanga
Kuhusu mama mkwe kutaka watoto warudi: mlete yeye. Bibi akikaa mwezi mmoja mtoto atakula. Treni ya Arusha ilikufa miaka ya tisini lakini mabasi yapo mengi kutoka Mbezi, Dar.

#32 Mangi_wa_Rau
Treni imefufuka siku nyingi dada. Moshi ilirudi Desemba 2019, Arusha Oktoba 2020. Mtu mzima mwenye miguu inayovimba, treni ni bora, ananyoosha miguu na analala njiani.

#33 Nesi_Mstaafu
Akija bibi, vizuri. Ila mkiwapeleka wao Mikindani likizo ya Desemba, kumbukeni chandarua tangu usiku wa kwanza. Mtoto akikaa Arusha bila kuumwa na mbu wenye malaria, mwili unasahau kujikinga. Akirudi pwani malaria inampata kama mgeni. Wazazi wengi wanadhani "huko ni kwao, amezoea".

#34 MamaWawili
Wakuu narudi kama nilivyoahidi, siku kumi na mbili zimepita.

Malaria amepimwa, hana. Chanjo amechomwa. Kifua kimesikilizwa, daktari anasema hakuna nimonia. Godoro nililichana pembeni: ndani kuna madoa meusi yenye ukubwa wa viganja viwili na harufu ya uyoga. Nimelitupa, tunalalia mkeka na mablanketi mpaka mwisho wa mwezi. Jiko halijaingia ndani tena.

Kikohozi kilikatika usiku tatu mfululizo. Nikasema ni godoro, au ni jiko, maana niliviondoa siku moja na sasa siwezi kujua. Usiku wa nne upepo ukavuma, vumbi likaingia mpaka kwenye sufuria, akakohoa tena, japo si kama zamani. BodaKwaMrombo nakuona.

Maji niliuliza. Wameniambia chanzo cha mtaa wetu, nasubiri majibu ya kipimo. Uji wa mdogo napikia maji ya kununua kwa sasa, inauma mfukoni.

Binti: mbaazi za nazi alikula, Shangazi, siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu akasukuma. Nilimwambia aniigize wenzake, kama alivyosema MtotoWaUjiji. Akakaa kimya kidogo, kisha akasimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akasema, "We chalii, nisogelee uone!" kwa sauti nene. Nilicheka mpaka nikalia. Hakusema kama wanamcheka. Shuleni bado haongei. Lakini juzi dukani aliingia mzee wa Kimasai, na kabla sijamwambia asalimie, akamwendea akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini. Sikumfundisha mimi. Kuna mtoto amemfundisha.

Baba yake sasa anapiga simu kila jioni saa moja. Hilo ni wazo la Mwalimu.

#35 Mwalimu_Mkongwe
Nimefurahi mama. Nabaki na langu, ni baba.

#36 ShangaziTengeru
Siku mbili amekula. Ni chakula. Jumamosi nitakuwa soko la Tengeru, ulizia Shangazi wa mbaazi pale kwenye mihogo, nina blanketi la mtoto nitakupa.

#37 DerevaWaKusini
Naenda Mtwara Alhamisi. Nitauliza ming'oko. Ikipatikana naifunga kwenye gunia bichi, siahidi itafika ikoje.

#38 MgeniKutokaUvinza
Samahani kuingilia. Mwezi ujao nahamia Moshi, mtoto miezi 4. Nimesoma uzi wote. Moshi nako kuna kitu cha kuangalia, au ni kama Mangi anavyosema?

#39 ChaliiWaSombetini
Mangi, unaitwa.

#40 Mangi_wa_Rau
Karibu sana. Nitakuwa mkweli kwa sababu ya mtoto. Ukipata nyumba Rau, Longuo au Soweto, uko sawa. Ukipelekwa chini Mabogini kwenye mashamba ya mpunga, mbu wapo, chandarua kwanza ndipo kitanda. Na usimwambie dalali una mtoto mchanga, atajua una haraka.